Kiti Kizuri cha Mninga

Zuhura mwanangu,

Salamu nyingi, ingawa uko chumba cha pili na ninakusikia ukigombana na kufuli la sanduku lako. Nimeamua kuandika kwa sababu ukiwa mbele yangu, na macho yako hayo ya mama yako, huwa nasahau nilichokusudia kusema na tunaishia kucheka. Utaisoma barua hii kwenye basi la Songea, mbele ya Masasi huko, mahali ambapo hutaweza kugeuka nyuma uje kubishana nami.

Kwanza, kiti hakijaibwa. Nimekuona leo jioni ukikitafuta barazani, ukazunguka mpaka uani, ukamwuliza mama yako naye akasema hajui. Anajua. Niliyekiondoa ni mimi, na kilipo nitakuambia kabla sijamaliza. Usikasirike bado.

Kiti chenyewe ni kizuri, wala sijawahi kuwa na kitu kizuri kama kile. Mninga mtupu, mgongo umelala kidogo, mikono mipana hata kikombe cha chai kinakaa bila kumwagika. Najua ulijinyima mengi chuoni ili fundi akitengeneze. Ulipokileta juzi ukanikalisha mbele ya majirani, ukaniegemeza kwa mikono yako, ukasema, "Baba, sasa basi. Umetembea vya kutosha. Kaa, sisi tupo." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikushukuru, na nilikushukuru kwa moyo kweli. Lakini mle mle ndani ya shukrani niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana, na nataka ujue ni kwa nini.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kuangalia unakula na nani, mama yako ameshayasema na ataendelea kuyasema mpaka basi liondoke. Mimi nitakuambia habari za viti. Nilishakaa kwenye kiti kimoja kabla ya hiki chako, na kwa kile niliumia.

Wewe umezaliwa nikiwa kuli bandarini. Gunia la korosho nilikuwa nalitia mgongoni huku napiga soga, nalifikisha melini soga halijakatika. Jioni nikirudi nyumbani sikuwa nakaa. Nilikuwa nakupandisha mabegani tunateremka pwani hapa Ufukoni kununua samaki, nawe hukuwa unasema twende wapi. Ukitaka kulia ulinivuta sikio la kulia, ukitaka kushoto ulinivuta la kushoto, na ukiona mtu anauza kashata uliyavuta yote mawili. Watu walikuwa wananiuliza, "Leo dereva amekupeleka wapi?" Nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Baada ya uhuru nikapandishwa cheo. Nikawa msimamizi wa ghala, nikapewa meza, na nyuma ya meza kiti chenye mto. Sijui nikueleze vipi furaha niliyokuwa nayo. Siku ya kwanza nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, ili nihakikishe kwamba ni changu. Makuli wenzangu wa zamani walipita na magunia jasho linawatoka, nami nimekaa na kalamu sikioni. Wakati ule mtu mkubwa alijulikana kwa kutotoka jasho. Hata lori lilianza kunipitia nyumbani asubuhi, na mimi nilikuwa naliagiza lipige honi ili jirani wasikie.

Basi nikanenepa. Na hakuna aliyeniambia kitu, Zuhura, ila kusifiwa. Huku kwetu mwanamume akikonda wanamwuliza kama amegombana na mkewe. Akiota kitambi wanampongeza mkewe. Mzee Bakari, mtani wangu, alikuwa kila akinikuta ananipigapiga tumbo kama anayejaribu tikiti, anasema, "Hapa Mama Zuhura kafanya kazi!" Mama yako anatabasamu, ananiongezea tui la nazi. Shamba la Naliendele, lile aliloniachia bibi yako, niliacha kwenda. Nilisema mtu mwenye ofisi hawezi kushika jembe. Majani yakapanda mikorosho ikawa haionekani.

Ikafika Idi moja. Ulikuwa na pengo la meno ya mbele, umevaa gauni la manjano. Watu walijaa uwanjani kwenye ngoma, wewe huoni kitu, ukainua mikono: "Baba, nibebe." Nikainama, nikakuinua mpaka kifuani, pumzi ikanikatika hapo hapo na goti likaniachia. Nikakuteremsha. Nikakwambia, "Mjomba wako atakubeba." Mjomba akakubeba, ukaona ngoma yote, ukawa unamvuta masikio yeye. Mimi nilisimama nyuma yenu naangalia visigino vyako. Idi iliyofuata hukuomba tena, ulishakua. Najua wewe huikumbuki hata siku hiyo, lakini mimi inaniuma mpaka leo.

Ungedhani hapo nimepata akili. Sikupata. Nilipata akili Ijumaa moja msikitini, tena baada ya miaka, wewe ukiwa umeshaanza kuvaa ushungi. Tumesujudu, imamu amesema Allahu Akbar, watu wameinuka, mimi magoti yamekataa. Nikasukuma kwa mikono, yakakataa. Watu wawili, mmoja huku na mmoja huku, wakanishika kwapani wakaninyanyua kama gunia. Mimi, niliyekuwa nanyanyua magunia. Ijumaa ya pili nikakuta wameniwekea kisanduku cha sabuni kwenye safu ya mwisho, pamoja na vikongwe, ili niswali nimekaa. Walifanya kwa wema. Nilipokalia kile kisanduku machozi yalinitoka, na jirani yangu akadhani ni ucha Mungu.

Nikaenda kwa tabibu nikitaka sindano. Akanisikiliza moyo, akanibonyeza magoti, akaniuliza nafikaje kazini. Nikamwambia kwa lori, tena nikasema kwa fahari. Akasema, "Basi kesho liache lori lipite." Nikasubiri dawa. Akasema dawa ndiyo hiyo, nitembee kila kunapokucha, polepole, niongeze kidogo kidogo, na nisiache. Nilitoka mle nikimwona yule tabibu ni mchoyo. Mama yako ndiye aliyesema, "Mchoyo wa nini, wakati barabara ni bure? Hebu jaribu kwanza." Kesho yake akanifungulia mlango kabla sijabadili mawazo.

Sasa sikiliza shida iliyonikuta, maana wewe ulikuwa bwenini na tulikuhadithia nusu tu. Kwetu mtu hatembei hivi hivi. Mtu anakwenda mahali. Kila niliyekutana naye aliniamkia na kuniuliza, "Unakwenda wapi?" nami nikijibu, "Siendi popote, natembea tu," uso wake unabadilika. Wengine walidhani nimefukuzwa kazi. Wengine walidhani mama yako amenifukuza nyumbani. Mmoja aliteremka kwenye baiskeli yake akanisihi nipande, nikakataa, akanifuata akikokota baiskeli mpaka karibu na kwake akinipa pole ya msiba ambao haukuwepo.

Na miaka ile, unakumbuka, vita vya Wareno vilikuwa hapo ng'ambo ya Ruvuma, na kila mtu aliambiwa awe macho. Asubuhi moja, kiza hakijatoka vizuri, niko njia ya Naliendele nahema, vijana wa mgambo wakanisimamisha.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, wanangu."

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani, Ufukoni."

"Sasa huku unafuata nini?"

"Sifuati kitu. Nikifika pale kwenye mkorosho mkubwa nitageuka nirudi."

Wakatazamana. "Unakwenda mpaka kwenye mkorosho, halafu unarudi. Umemwona nani pale?"

"Hakuna mtu pale. Ni kwa ajili ya tumbo."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Wakanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, nikakalishwa chini, na mtu akatumwa kwa mama yako. Alikuja mbio, mwiko bado mkononi. Balozi akamwuliza kama ananijua, akamwambia ninashukiwa upelelezi. Mama yako akanitazama nilivyoloa jasho, akasema, "Huyu? Mpelelezi gani anahema hivi? Wareno wakimtuma huyu vita vitakuwa vimekwisha." Balozi akacheka mpaka akashika ukuta. Wale vijana nao wakacheka, wakanisindikiza mpaka nyumbani. Kwa hiyo siku ile nilitembea zaidi ya siku zote.

Dawa ya maswali aliigundua mama yako. Aliingia ndani akatoka na jembe la bibi yako, lina kutu, akaniwekea begani. "Mwenye jembe haulizwi," akasema. Na ni kweli. Kuanzia siku ile nilipita kila mahali na jembe begani, watu wananiamkia tu na kunitakia kazi njema. Ila mimi na wewe tunafanana kwa hili, uongo hautukai vizuri. Kila nikiambiwa kazi njema naona haya, kwa sababu nabeba jembe nisilolitia mchangani. Siku moja nikaona niende moja kwa moja mpaka shambani, nikalime kipande kidogo tu, kisha nipate kusema kweli. Nilipiga jembe mara chache nikalala chini ya mikorosho, moyo unapiga kama ngoma. Lakini kesho kutwa nikarudi.

Wewe ulipokuja likizo ukataka kufuatana nami. Hiyo ndiyo likizo niliyoipenda kuliko zote. Ulikuwa umezoea mchakamchaka wa shule, miguu yako haitulii, ukawa unatangulia mbio kisha unanisubiri mbele umeshika kiuno. "Baba, jongoo amekupita!" Ukanifundisha kupumua kwa pua. Ukanifundisha kuitikia nyimbo zenu za mchakamchaka, nami naitikia nusu nusu kwa kukosa pumzi, na wanawake wanaokwenda kuchimba mihogo wanatuitikia kwa mbali. Mwisho wa likizo uligeuka ili unicheke ukakuta niko nyuma yako hapo hapo. Ulinishika mkono tukaenda hivyo, na mimi nilijiona kijana.

Magoti yalichelewa kuliko vyote. Nilikuwa nimeshaacha kufunga mkanda kwenye tundu la mwisho, nimeshasafisha mikorosho yote, lakini kwenye sala bado naweka mkono chini nipate kuinuka. Kisha ilitokea adhuhuri moja, siku ya kawaida, naswali chumbani peke yangu. Nimesujudu, nimeinuka, nimeendelea, na ni baada ya salamu tu ndipo nilipotambua kwamba mkono haukugusa chini. Nikageuka, mama yako amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Alikuwa ameona. Akasema, "Leo umeinuka mwenyewe," akarudi jikoni upesi, na nilimsikia anapenga kamasi. Kile kisanduku cha sabuni nilikwenda kukiondoa msikitini kwa mikono yangu, mama yako anamlazia humo kuku anayeatamia.

Sasa turudi kwa Mzee Bakari, maana yeye ndiye sababu ya hofu yangu. Unamjua alivyokuwa, mtu wa kucheza bao akiwa amechuchumaa tangu alasiri mpaka magharibi, anaruka akishinda. Wanawe walipopata kazi nzuri walimheshimu. Walimjengea kibaraza, wakamwekea kitanda na mto, wakamwekea mtu wa kumletea maji ya udhu. Akitaka kwenda dukani wanamwambia, "Baba, tulia, utaletewa." Akishika ufagio wanamnyang'anya. Kila mtu mtaani aliwasifu watoto wale, na mimi niliwasifu. Leo Mzee Bakari hawezi kufika chooni bila kushikwa. Jumapili nilikwenda kumwona, nikampiga utani wetu wa kila siku, hakunijibu utani. Alinishika mkono akasema, "Walinipenda sana, ndugu yangu. Nami niliona utamu, nikakaa."

Ndiyo maana uliponiegemeza kwenye kiti kile niliogopa. Nilimwona Mzee Bakari.

Najua kilichokutia hofu wewe. Ni siku ile ya mvua nilipoteleza kwenye mfereji nikirudi shamba, nikaingia nyumbani damu inatiririka mguuni. Ulilia ukinisafisha kidonda. Nilikupenda kwa machozi yale, na niliona aibu kukuliza. Siku ya pili jembe halikuonekana. Liko chini ya kitanda cha mama yako, nalijua, na najua mlikaa wewe na mama yako na mjomba mkaamua nisiende tena. Mliamua kwa mapenzi. Lakini katika maswali yote uliyoniuliza siku ile, nimeangukia wapi, nimeumia wapi, moja hukuuliza: nani aliniinua. Hakuna, Zuhura. Mvua inanyesha, njia nzima haina mtu, nimelala kwenye matope, nikakunja miguu yangu nikainuka mwenyewe. Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwehu. Miaka ile ya kiti chenye mto ningebaki mferejini mpaka wapite watu wa kunitoa kwa mbao.

Ninazeeka, hilo silifichi. Kuna asubuhi miguu inakuwa mizito na mgongo unagoma, siku hizo naenda mpaka kona nageuka. Sitaki kushindana na ujana wako. Ninachotaka ni kidogo sana: niweze kusujudu na kuinuka, nifike chooni kwa miguu yangu, na siku utakayoniletea mjukuu niweze kumpandisha mabegani anivute masikio. Yule simwachii mjomba.

Na wewe pia unakwenda kukaa, mama. Kazi ya kupiga chapa naijua, nimewaona pale ofisi ya bandari, wamekunja mgongo tangu asubuhi mpaka saa za kutoka, vidole tu ndivyo vinavyokimbia. Utapewa kiti, na utakipenda kama nilivyokipenda changu, na una haki. Watu watakuambia umenawiri, utafurahi. Sikukatazi kufurahi. Ila nakuomba kitu kimoja kama rafiki yako. Songea ina vilima na asubuhi zake ni za baridi, tafuta chumba ambacho si jirani sana na ofisi, na siku mtu akikupa lifti ukijisikia mzima, mwambie ahsante apite. Wakikuuliza unakwenda wapi, wala usihangaike na jembe. Waambie unamfuata baba yako, yuko mbele kidogo anakusubiri ameshika kiuno.

Haya, kiti. Kiti chako kiko Naliendele.

Leo baada ya adhuhuri, ulipokwenda kuaga shangazi zako, nilikitia kichwani nikaondoka. Mama yako alinikunjia kanga ya kuwekea kichwani. Njiani kila mtu aliuliza, "Mzee, kiti hicho unakipeleka wapi?" nami nikajibu, "Ni zawadi ya binti yangu, nakwenda kukikalia." Nimekiweka chini ya mkorosho wa bibi yako, ndani ya kile kibanda cha makuti, mvua haitakifikia. Nilikikalia mpaka jasho likakauka. Ulisema kweli, mwanangu, mgongo wake umelala vizuri kabisa, nilipitiwa na usingizi kidogo. Kisha nikainuka nikarudi. Kuanzia sasa kitakuwa pale, na kila nikitaka kukaa kwenye kiti alichonipa Zuhura, itabidi nikifuate kwa miguu. Mama yako amekubali kunirudishia jembe kwa sharti kwamba nikichoka kulima nitakikalia.

Jambo la mwisho. Nimesikia umemwagiza kijana wa mkokoteni aje alfajiri kuchukua sanduku lako. Nimeshapita kwake kumwambia asije. Sanduku nitalibeba mimi, begani, pale pale ulipokuwa unakaa, mpaka kituo cha basi. Usinipokonye njiani, tafadhali. Wewe tembea pembeni yangu, na ikibidi tukate kona, unajua masikio yangu yalipo.

Baba yako